Magunia ya Kutoka Naitiri

Gunia la kwanza la yule mama lilisoma kumi na nne nukta tisa, na mwenyewe akakataa kuamini.

"Rudia, binti yangu," alisema. "Hiyo mashine yako imeamka vibaya."

Fridah Nakhungu akarudia. Alichoma gunia jingine kwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, punje za mahindi zikamiminika kiganjani mwake, akazitia kwenye mashine ya kupima unyevu na kuifunga. Kumi na tano. Akamgeuzia yule mama kioo aione nambari mwenyewe, kwa sababu miezi mitatu ya kazi ilikuwa imemfunza kwamba watu wakiiona kwa macho yao hupunguza kumtukana.

"Inatakiwa kumi na tatu na nusu, mama. Ikipita hapo hatuchukui. Enda uanike tena siku tatu, nne."

"Nianike wapi? Si unaona mvua?"

Fridah aliiona. Januari nzima ilikuwa imenyesha, mwezi ambao watu wa Kiminini walizoea kuutegemea kwa jua. Nje ya lango la ghala matrekta na pikapu zilikuwa zimejipanga hadi barabarani, mizigo imefunikwa maturubai, na wenye mizigo wamelala chini yake kwa siku ya pili au ya tatu. Ghala lilikuwa na mashine ya kukaushia, kubwa kama nyumba, lakini ilikuwa imekufa tangu Septemba, na kila aliyeuliza aliambiwa spea ziko njiani.

Yule mama aliondoka bila kuaga. Kwenye mzani, Wacuka alimwita Fridah kwa kidole.

"Barua zimetoka," alimnong'oneza. "Ziko kwa droo ya Kizito. Nimeziona nikipeleka chai. Ziko sita."

"Na sisi tuko wanane."

"Si ndiyo nakuambia."

Kandarasi zao zilikuwa zinaisha kesho, Ijumaa, na mwenye barua ndiye angeongezewa muda. Wacuka alikuwa na digrii ya uchumi na kazi yake ilikuwa kusoma mzani na kuandika. Fridah alikuwa na diploma ya teknolojia ya chakula. Baada ya kumaliza chuo alikaa nyumbani Naitiri miaka miwili, akichuma maharagwe ya watu na kutuma barua za maombi. Siku moja alienda usaili Bungoma akakuta watu zaidi ya mia tatu wakigombea nafasi mbili, wote wameshika bahasha za kaki, wote wamevaa viatu vya kuazima. Ndipo akapata hapa. Baba yake alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Fridah akakodisha chumba nyuma ya kinu cha posho, akanunua kitanda, kisha godoro mwezi uliofuata, na meko ya gesi. Kila alipopika chai yake mwenyewe kwenye sufuria yake mwenyewe alijiona mtu mzima. Chumba hicho kilikuwa na miezi mitatu pia, kama kazi.

Saa tano hivi trekta nyekundu iliingia langoni ikivuta trela, na juu ya magunia alikuwa ameketi mzee aliyevaa koti la Jumapili.

"Mulembe, Nakhungu!" alipaza sauti.

Ilikuwa sauti ya baba yake. Mzee Jairus Wakhungu alishuka kwa uangalifu, akajipangusa magoti, akawageukia wenzake wa foleni. "Huyo ndiye nilikuwa nawaambia. Huyo ni wangu."

"Papa! Mbona hukunipigia simu?"

"Nikupigie nikusumbue kazini? Niko hapa tangu juzi. Nimelala hapo nje. Nilitaka tu foleni inifikishe kwako."

Magunia yalikuwa thelathini na mawili. Fridah aliyajua hata kabla ya kuyakaribia. Mama yake hufunga mdomo wa gunia kwa kuukunja mara mbili na kuushona kwa uzi wa nailoni wa buluu, mishono mifupi mifupi kama ya nguo, na hakuna mtu mwingine Naitiri nzima anayejisumbua hivyo.

"Hii ni karo ya mdogo wako Emmy," alisema Mzee Jairus, akipiga gunia kofi la upendo. "Chuo kinafungua Jumatatu. Amechagua ile kozi yako. Tulimwambia achague uuguzi, akakataa, ati anataka kuwa kama wewe."

Fridah alichoma gunia la kwanza. Mkono wake ulijua kabla ya mashine. Punje kavu hutiririka kwa sauti kali, na hizi zilianguka kimya. Kumi na sita nukta moja. Akahamia upande mwingine wa trela. Kumi na sita nukta nne. La tatu alilichoma katikati kabisa, akiomba. Kumi na sita.

"Papa, iko na maji."

"Maji?" Mzee alitia punje mdomoni akaivunja kwa meno ya nyuma. "Sikia hiyo. Hiyo ni kavu. Mama yako ameanika mpaka mgongo ukakataa."

"Usiku inavuta unyevu tena. Na umekaa kwa mvua siku mbili."

Baba yake alisogea, akashusha sauti. Harufu ya turubai na moshi wa trekta ilikuwa imeingia ndani ya koti lake.

"Nakhungu. Si wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mimi nasoma tu, Papa."

"Basi soma vizuri."

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Yule mama wa kumi na nne nukta tisa hakuwa amefika mbali. Alikuwa ameketi juu ya magunia yake karibu na lango, akimtazama. Na kwenye veranda ya ofisi, Kizito, msimamizi wa ghala, alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai, akitazama vilevile. Kizito hakuwa mtu wa kutazama bila sababu. Magunia thelathini na mawili, mpimaji, na baba yake mpimaji. Ilitosha kumtoa mtu kwenye orodha ya sita.

"Siwezi, Papa," alisema, na akasema kwa sauti, ili isikike.

Aliandika karatasi, akapiga muhuri wa kukataa, akampa kwa mikono miwili kama inavyompasa mtoto kumpa baba kitu. Mzee Jairus aliikunja mara nne akaitia mfukoni. Hakugombana. Aliwatazama tu wale aliokuwa amewaambia kwamba huyu ni wake, akapanda trela.

"Uko na njaa?" Fridah alimuuliza kutoka chini.

"Wewe fanya kazi," alisema.

Trekta ilizunguka, ikatoka.

Mchana huo alipima mizigo kumi na mmoja na kuikataa saba. Hakula. Alikuwa na wazo la kumkimbilia baba yake wakati wa chakula ampe angalau ya nauli, lakini foleni haikumpa nafasi ya kupumua, na alipopiga simu haikushikwa.

Saa tisa lango la pili likafunguliwa, lile lisilo na foleni. Lori jeupe likaingia, na nyuma yake gari dogo la Mary Ann. Kila mtu ghalani alimpenda Mary Ann. Aliwajua wapakiaji kwa majina, aliwauliza habari za watoto wao, na hakuna siku aliyokuja bila mandazi ya moto kwenye ndoo. Hakuwa na shamba. Alikuwa na vijana pale nje ya lango, wenye mizani ya kuning'iniza, wanaonunua mahindi ya waliokataliwa.

"Fridah wangu! Umekonda, mummy. Njoo uchukue mandazi mbili kabla hawa hawajamaliza."

"Asante, madam. Nikishapima."

Alipanda lori. Safu ya juu ilikuwa magunia ya kila aina: yaliyokuwa ya mbolea, yaliyokuwa ya sukari, yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Alishika bambo akatafuta pa kuchoma, na hapo ndipo alipouona uzi wa buluu. Gunia moja, kisha jingine kando yake, kisha safu nzima. Midomo imekunjwa mara mbili. Mishono mifupi mifupi.

Alisimama pale juu kwa muda mrefu kiasi kwamba dereva aliuliza kama kuna nyoka.

Alipima. Kumi na sita nukta tatu. Alishuka, akaenda na mashine mkononi hadi ofisini kwa Kizito, akaiweka mezani kioo kikiwa kimemkabili.

"Bosi, hii ya madam ni kumi na sita."

Kizito hakuitazama. "Andika kumi na tatu nukta mbili."

Haikuwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza, mwezi wa Novemba, Fridah aliandika kisha akaenda chooni akalia. Mara ya pili hakulia. Tangu hapo alikuwa amejizoesha kuona lori la Mary Ann kama hali ya hewa, jambo linalokuja na kupita bila kumuuliza mtu. Lakini leo miguu yake haikutoka pale mbele ya meza.

"Itaoza, bosi. Itaharibu hata ile kavu. Itaota sumu."

"Unafikiri sijui?" Kizito alisugua macho. Alikuwa mtu mnene aliyechoka, na simu zake mbili zilikuwa zimelala mbele yake. "Mimi nikikataa hilo lori, hii simu inalia kutoka juu kabla halijageuka. Nilikataa moja mwaka jana. Nikaambiwa, kama kazi imekushinda sema. Nina watoto wanne, Fridah."

Alivuta bahasha kubwa kutoka chini ya meza akaitikisa. Ilikuwa imejaa barua. "Hizi ni za wiki hii peke yake. Diploma, digrii. Kuna mmoja hapa ana masters, anaomba kushona magunia." Akairudisha. "Lakini wewe nilikuona leo asubuhi. Ulimkataa baba yako mzazi mbele ya watu. Nikasema, huyu ako na msimamo. Watu kama wewe ndio tunataka hapa."

"Hiyo mahindi iko kwa lori ni ya baba yangu."

Kizito aliinua macho. Simu moja ilitetemeka mezani, akaiacha.

"Una hakika?"

"Ni mama aliyeshona."

Kizito alitazama dirishani, kwenye lori, kwenye wapakiaji waliokuwa wakilamba sukari ya mandazi vidoleni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetafuta neno la faraja akaokota lililo karibu: "Basi si imeingia? Imesaidika. Niandikie hiyo kumi na tatu."

Fridah alichukua kalamu. Aliandika tarehe, namba ya lori, jina la mwenye mzigo, Mary Ann, na kumi na tatu nukta mbili. Kisha akaweka sahihi. Sahihi yake ilikuwa nzuri. Alikuwa ameibuni chuoni, mwaka wa pili, akijaza kurasa za nyuma za daftari, akiwaza siku atakapokuwa akitia sahihi vitu.

Kizito alifungua droo akampa barua. Miezi mitatu.

Alipopita kwenye mzani, Wacuka aliiona mkononi mwake. Yeye mwenyewe hakuwa na ya kungojea, kwa sababu Kizito alikuwa amemwita saa nane na kumwambia yake haipo, amshukuru Mungu kwa nafasi aliyokwisha kupata.

"Hongera," alisema Wacuka, na alimaanisha. Kisha akageukia gunia lenye uzi wa buluu lililokuwa mzanini, akalisoma, akaandika. "Kilo tisini na mbili. Heh. Hii ni nzito."

"Ni maji," alisema Fridah.

Alitoka saa kumi na moja na nusu. Mvua ilikuwa imekatika. Baba yake alikuwa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai kando ya stendi, kikombe kitupu mbele yake, koti limekunjwa mapajani. Trekta ilikuwa imeenda.

Fridah aliketi. "Nilipiga simu."

"Ilizima." Halafu akasema, "Niliuza. Hapo nje. Elfu mbili na mia tano kwa gunia."

Ghala lilikuwa likilipa elfu nne.

"Nikitoa ya trekta, Emmy atangoja mpaka Septemba. Si vibaya. Atasaidia kupanda." Alikizungusha kikombe. "Kile kijana kilichonunua kilikuwa na adabu. Kilinipatia stuli nikae."

"Papa..."

"Niliona lori likiingia. Nilikuwa pale kwa seng'enge. Nilitaka kuona kama watarudishwa pia."

Pikipiki mbili zilipita, zikarusha tope. Mama wa chai akaja akakijaza kikombe tena.

"Niliandika kumi na tatu," alisema Fridah. "Ilikuwa kumi na sita ile ile, nikaandika kumi na tatu."

Mzee Jairus aliitikia kwa kichwa.

"Na walikupatia barua?"

"Ndiyo."

"Ya muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Basi," alisema. Aliuweka mkono wake juu ya wake, mkono mgumu kama jembe, akauondoa upesi kwa sababu watu walikuwa wakipita. "Nikifika nitamwambia mama yako hukuwa kazini leo. Ulikuwa off."

"Mama anajua Alhamisi sina off."

"Basi ulitumwa Kitale."

"Nilimpigia asubuhi, Papa. Nikamwambia niko hapa."

"Mashine iliharibika."

"Ikiharibika hatununui ya mtu yeyote. Mama Sellah wa jirani aliuza leo, kavu kabisa. Watakutana kisimani."

"Hapo kweli." Mzee alikuna kidevu. "Akijua ulinikataa hatakulaumu. Shida yake, hatasema kitu. Atashona tu, na hatasema kitu."

Gari la Naitiri lilikuja, utingo akaita, watu wakaingia. Mzee Jairus hakuinuka. Kulikuwa na jingine baadaye. Fridah alivuta kikombe karibu, akanywa chai ya baba yake, na wakabaki pale benchini, vichwa vimekaribiana, wakitafuta uongo ambao mama angeuamini.