Mimba ya Wingu na Sumaku ya Mtandio

Usiku wa jana niliota nimekuwa mkunga wa wingu. Si wingu la mvua. Ni lile la angani ninalolisomea chuoni, linalozaa nyota, na lilikuwa limejilaza kwenye kochi letu la sebuleni, likihema.

"Nina mimba ya miaka milioni," likaniambia. "Nipime, mwanangu. Sumaku ya tumboni ikiwa dhaifu, najikunja, nazaa leo. Ikiwa kali itambana mtoto, nami nitangoja milioni nyingine."

Nililionea huruma, jamani. Kupima kwenyewe ni rahisi: unaita molekuli ya sianidi kutoka tumboni na kuitazama. Penye sumaku, mstari wa mwanga inaoutoa hupasuka vipande. Kadiri vipande vinavyoachana, ndivyo sumaku ilivyo kali.

Naiita. Inakuja inatafuna andazi langu. Ikinifikia tu, inapasuka, inakuwa pacha. Mmoja anaelekea dirishani, wa pili anaingia chooni.

"Sumaku kali mno," natangaza. "Leo hakuna kuzaa."

Wingu linaangua kilio. Sebule sasa ni kliniki ya wajawazito, na mawingu mengine yamejaa kwenye benchi, yananisonya.

"Shoga," anaita pacha wa chooni, "tumboni nilikuwa mzima. Mbona nimepasuka nilipokusogelea wewe?"

"Vipimo havidanganyi."

"Vipimo havivai mtandio. Hicho kidevuni ni nini?"

Napapasa. Ni ile sumaku ya kubania mtandio, niliyoinunua kwa kuchoka kujichoma na pini! Nimekwenda kupima sumaku nimevaa sumaku, na nusura nimnyime mwenzangu mtoto. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Naing'oa, naitupa huko. Mtandio unafunguka, shingo inabaki wazi. Pacha wanarudiana, wanakuwa mmoja, kisha anauliza kama kuna andazi jingine.

"Jikunje!" nalipigia wingu kelele. "Jikunje, mama, bado kidogo!"

Linajikunja, linajikunja, na nyota inatoka inalia, inawaka mbele yangu.

Nikaamka. Dada yangu Mwanakheri alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, ananikodolea macho.

"We Saumu, shingo imefanyaje? Imebabuka! Na shingo hiyo haijaonana na jua tangu uvunje ungo."

Nikaigusa. Ilikuwa inachoma kweli. Mtandio ulikuwa kitini, sumaku haipo.

"Nimetoka kuzalisha," nikamwambia. "Mtoto mzima, ila ana joto sana."