Chuma Kilichoangukia Buganguzi

Nyota kubwa huuawa na chuma. Nimelifundisha jambo hilo miaka kumi na moja katika sekondari moja ya Bukoba, na kila mwaka wanafunzi huniangalia kama ninayewauzia dawa ya minyoo. Nyota huishi kwa kuchoma, nawaambia. Inachoma haidrojeni, inachoma heliamu, inachoma kaboni, na kila ikichoma inapata nguvu ya kujibeba. Ikifika kwenye chuma, imekwisha. Chuma hakiirudishii kitu. Nyota inajiangukia yenyewe ndani ya muda wa kupiga chafya, na kama ilikuwa kubwa vya kutosha, katikati linabaki shimo jeusi ambalo hata mwanga ukiingia hautoki. Vilivyokuwa nje vinalipuka na kutawanyika angani, chuma kikiwemo.

Sasa nieleze jinsi baba yangu mdogo, Kamala mhunzi, alivyochukua chuma cha namna hiyo akatengenezea kisu cha kupogolea migomba. Nitajitahidi nisitukane.

Kilianguka Jumapili, saa kumi jioni, kwenye kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, huko Buganguzi. Mama alikuwa ametoka kanisani, anakata majani ya migomba ya kupikia, mbingu ikanguruma bila wingu hata moja. Alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu Buhembe, Bukoba mjini. "Violeth, huku nimetupiwa kitu kutoka juu."

Kesho yake nilikuwa pale na mizani, sumaku na kamera. Jiwe lilikuwa na ukubwa wa parachichi lakini zito kupita kiasi, jeusi, lina vibonyeo kama vya dole gumba kwenye unga uliokandwa. Sumaku iliruka ikaling'ang'ania. Nilimuuliza Mama saa, upande, kishindo. Nikamwandikia mtaalamu wa vimondo, naye akajibu siku hiyohiyo: msilioshe, msilikate, na kwa jina la Mungu msilitie motoni. Ndani ya vimondo vya chuma kuna mistari iliyojichora chuma kikipoa polepole, nyuzi joto moja kwa maelfu ya miaka. Hakuna tanuru duniani linaloweza kuichora, na moto wa saa moja tu unaifuta. Angekuja baada ya wiki tatu, Jumatatu, na jiwe libaki karibu na lilipoangukia. Alinitumia na fomu. Niliijaza palepale kwenye simu, niliporudi mjini nikaichapisha.

"Kikithibitishwa," nilimwambia Mama, "kitaitwa Buganguzi, na pembeni litaandikwa jina la aliyekiona kikianguka. Milele."

"Hata kama ni mjane?"

"Hata kama ni mjane, Mae."

Akaniomba niseme tena. Mama amelima kibanja kile miaka arobaini na miwili. Kahawa anayoichuma yeye iliuzwa kwa jina la Baba. Karatasi ya kibanja ina jina la Babu. Baba alipofariki mwaka jana, vyote vikawa vya mdogo wangu Datius, anayeishi Mwanza na asiyeweza kutofautisha ndizi za kupika na za pombe. Mama hakulalamika. Alisema tu, "Basi hicho kimoja kiwe na jina langu." Tukalisukuma jiwe chini ya kitanda chake.

Jumamosi, siku mbili kabla ya mtaalamu kuja, ukoo ulikutana kumsimika Datius kuwa mrithi. Nilifika nikakuta wanaume wamekaa kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sebuleni, wanatafuna kahawa. Tata Kamala, yule baba yangu mdogo, akasimama na kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Akalifungua. Ulikuwa muhoro mpya, ule wembe wetu mrefu uliopinda nchani, mweusi na wenye kung'aa makalini.

Niliuliza kabla hajafungua mdomo.

"Tata, chuma hicho umekitoa wapi?"

"Chini ya kitanda cha mama yako," alijibu bila haya. "Juzi. Chuma kikionekana kwenye kibanja cha ukoo ni cha ukoo, na chuma cha ukoo kinakwenda kwa mhunzi. Mrithi wetu anapewa muhoro uliofuliwa nyumbani. Ulitaka nimpe wa dukani?"

"Ukakitia motoni?"

"Sasa nikifue kibaridi? Na kilikuwa kigumu, waitu! Nimevunja mpini wa nyundo."

Wanaume wakacheka. Hapo nikasahau kwamba mimi ni mwalimu. Nilipiga kelele. Nilimwambia ameharibu kitu kilichokaa angani miaka bilioni nne kikiwa salama, kikapita kote huko bila kudhurika, kikaja kufia mikononi mwake. Nilimwambia ni mwizi aliyeingia chumbani kwa mjane.

"Babu zako waliyeyusha chuma katika nchi hii kabla ya hiyo fizikia yako," alisema. "Mimi hufundishwi chuma na mtoto."

Na ni kweli waliyeyusha, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Datius alikuwa ameushika muhoro kama aliyepakatishwa mtoto wa watu. "Dada, sikujua," akanong'ona. Nikamwambia hajawahi kujua lolote tangu azaliwe. Mzee mmoja akaniamuru nikae, mtoto wa kike. Sikukaa. Nilitoka. Mama alikuwa mlangoni ameshika kikapu cha kahawa.

Alinikuta jikoni, lile jiko la nje, nalia kwa hasira.

"Kwa nini hukunipigia simu alipolichukua?"

"Ungepiga kelele. Na umepiga." Akafunga mlango. "Kwetu wanaume hawaingii jikoni. Toa hicho kilicho juu ya debe la maharage."

Debe lilikuwa pembeni, kifuniko kimegandamizwa na jiwe ili panya wasiingie. Nililishika. Halikunyanyuka kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti nikaliangalia vizuri: jeusi, lina vibonyeo vya dole gumba, kubwa mara mbili ya lile la kwanza.

"Yalianguka mawili," alisema Mama. "Nilisikia vishindo viwili. Hili lilitua kule kwenye mibuni."

"Mae! Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia. Ukasema, 'Subiri Mae, napiga picha.' Ukaniuliza saa, ukaniuliza upande. Yalikuwa mangapi, hukuuliza."

Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia, naye akasimama tu kama nguzo. Nikatoa fomu kwenye mkoba nimwonyeshe kwamba bado tuna safari. Mama huimba kwaya. Anasoma vizuri akivaa miwani. Akaivaa. Akaisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, mpaka kikasimama.

"Hapa pa aliyeona," alisema. "Hili ni jina la nani?"

Lilikuwa langu. Nililiandika mwenyewe, siku ileile niliyomwahidi.

"Ni kwa sababu ya barua pepe, Mae. Fomu inataka barua pepe na wewe huna. Ilikuwa rahisi zaidi nikiweka ya kwangu, halafu..."

Huko sebuleni Tata Kamala alikuwa anaeleza tena habari za mpini wa nyundo. Nilimsikia, nikajisikia na mimi, na sikuona tofauti kubwa kati yetu. Yeye aliingia chini ya kitanda. Mimi nilitumia simu. Hasira yote niliyokuja nayo ilinigeukia, na sikuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Mama alisogeza fomu mbele yangu.

"Kata."

Nikakata. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Andika Agnetha Kokugonza. Usiandike mjane wa mtu. Usiandike Mama Datius, wala Mama Violeth."

Nikaandika. Alilisoma jina lake herufi kwa herufi, akavua miwani, akaliinua jiwe kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda na kulipakata.

"Na huyo mtaalamu wako akija Jumatatu," alisema, "wewe nyamaza. Aniulize mimi."