Picha ya Magoti

Harufu ilimfikia Victorine kabla Papa Nzanzu hajafungua chumba cha baridi. Tani kumi na moja za thomson, samaki wale wa barafu wanaolisha nusu ya Lubumbashi, walikuwa wameshinda siku mbili katika joto la Oktoba, na maji mekundu yalitambaa chini ya mlango kuja kwenye viatu vyake.

Kosa lilikuwa la biashara yake, na alilijua. Victorine ana biashara ndogo ya kompyuta pale Makomeno, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, yeye na fundi mmoja, Merdi, baba wa watoto watatu. Walikuwa wamemfungia Papa Nzanzu kifaa cha kupima baridi, kinachotuma ujumbe kwenye simu ya mzee mashine ya baridi ikizimika. Mzee akabadili namba ya simu. Merdi akaiandika namba mpya, akakosea tarakimu moja. Jumamosi mashine ikafa, na ujumbe ukaenda kwa mwalimu mmoja wa Kasungami, ambaye alidhani ni matapeli, akaufuta.

Papa Nzanzu hakupiga kelele. Ni mtu wa Butembo, kule Kivu, miaka ishirini anauza jumla hapa mjini, na watu wa namna hiyo wakikasirika husema polepole. Alisema lori lingine liko mpakani Kasumbalesa, na bila pesa ya hawa waliooza hawezi kulitoa. Alimpa Victorine mwezi mmoja wa kulipa.

Victorine hakutetemeka, maana alikuwa na bima. Si ya gari, ile ambayo polisi wanaiuliza barabarani. Alikuwa na bima inayolipa pale kazi yako inapomharibia mteja. Wenzake wa kompyuta walimcheka miaka mitatu. Nani analipia makosa ambayo hajafanya bado? Yeye akalipa tu, kila Januari. Jumatatu hiyo hiyo akaandika barua, akaeleza tarakimu iliyokosewa bila kuficha kitu, akaipeleka mwenyewe, akadai muhuri kwenye nakala.

Jumatano akaja baba yake mdogo, Stanislas, fundi wa reli mstaafu, akauliza kama kweli ukoo wao umefika mahali pa kumharibia mtu halafu kumtumia karatasi. Kwao, kaskazini ya Katanga, hilo halifanyiki. Wakaenda kwa Papa Nzanzu na mbuzi mmoja na kreti mbili za soda. Stanislas ndiye aliyesema, kama desturi inavyotaka: tumeona mateso yako, tumekuja kukaa nawe. Victorine akampa mzee glasi akiwa amepiga magoti, kama mama yake alivyomfundisha tangu hajui kusoma. Binamu yake, Abigaïl, akapiga picha. Jioni ile picha ilikuwa kwenye status yake mtandaoni, wazi kwa kila mtu, na mioyo midogo chini yake.

Wiki mbili baadaye barua ya bima ikafika. Ndani, picha ile ile, imechapishwa kwa rangi kwenye karatasi nzuri. Kifungu cha tisa kinasema mwenye bima asikubali kosa mbele ya aliyedhurika bila ruhusa ya kampuni. Mheshimiwa Victorine alionekana amepiga magoti, akiomba msamaha, kukiwa na mashahidi na mnyama. Kwa hiyo kampuni hailipi chochote.

Akaisoma barua mara mbili, akaketi. Kulipa samaki wale mwenyewe maana yake ni kuuza nyumba ya Makomeno, na biashara imo ndani ya nyumba hiyo. Merdi alisimama mlangoni akitazama mikono yake kama vile angependa kuikata.

Lakini watu wa karatasi walikuwa wamekosea familia ya kuchezea. Baba yake Victorine alikatwa mshahara miaka thelathini na moja kwa ajili ya uzee wake, na uzee ulipofika, mtu wa dirishani akamwambia karatasi moja inakosekana. Akaitafuta mpaka akafa. Victorine ndiye aliyekuwa akimshika mkono kwenye foleni zile, ana miaka tisa, na hakuna jina la mtu wa dirishani alilolisahau. Baba alinyimwa kwa karatasi iliyopungua. Yeye sasa ananyimwa kwa picha iliyozidi. Wanachukua haraka sana, hawa. Kutoa ndiko kunakowapa kizunguzungu.

Usingizi haukumpunguzia hasira. Asubuhi alikwenda kwa Papa Nzanzu na barua mkononi, akamwomba kitu kimoja tu: aje naye, aseme alichosikia siku ile. Mzee akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye kifungu cha tisa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kifungu hicho kimo pia katika bima za makamyo, yale malori yake. Victorine akasema anadhani kimo. Mzee akaenda kufungua kabati lake la chuma.

Mkubwa wa kampuni ile aliitwa Symphorien, mzaliwa wa Likasi, suti ya bluu, kiyoyozi nyuma ya shingo. Aliwapokea vizuri. Alisikitika vizuri pia. Akasema yeye binafsi anaelewa mila, lakini mkataba ni mkataba, na picha inajieleza.

"Chef," Victorine akasema, "mama yako anapigaka magoti akipokea bageni?"

Symphorien akasema hilo ni jambo jingine.

"Mi nauliza tu. Anapigaka?"

"Anapigaka, ndiyo. Ni heshima."

"Na bageni banamulipishaka kosa gani?"

Karani mmoja wa kike, aliyekuwa akipanga mafaili pembeni, akageuza uso kuelekea ukutani, mabega yakitikisika. Symphorien akafungua mdomo kurudi kwenye kifungu cha tisa, lakini Papa Nzanzu alikuwa ameshaweka mezani rundo la karatasi za kijani za bima, moja moja, bila haraka, kama mtu anayegawa karata.

"Hii ni makamyo yangu kumi na nne. Yote iko na asiransi hapa kwako. Dereva yangu akigonga muntu, mi naenda ku kilio. Naenda na sanduku, naenda na unga, nakaa chini na bale bantu, nalia nabo. Sasa unaniambia, siku zote ile, mulikuwa munangojea picha?"

Symphorien akasema hapana, patron, hiyo ni tofauti.

"Tofauti wapi? Nionyeshe, niko na miwani."

Angeonyesha nini? Akisema kwenda kwenye kilio ni kukiri kosa, kesho asubuhi kila mwenye lori wa Kivu aliye mjini atakuwa mlangoni akirudisha karatasi yake. Akisema si kukiri, basi na magoti ya Victorine hayakukiri. Alitazama karatasi kumi na nne, akatazama picha, akalegeza tai. Akasema faili litafunguliwa upya. Victorine akamwambia halifunguliwi upya. Linalipwa, na wao wana muda wa kusubiri hapo kwenye viti.

Siku ya kumi Papa Nzanzu akalipwa samaki wake wote, na lori likatoka Kasumbalesa.

Wengine wangeishia hapo na kushukuru. Victorine aliwaita wenye biashara za kompyuta, wale wale waliomcheka, kuanzia Makomeno mpaka Kasapa, akawasomea kifungu cha tisa kwa Kiswahili, neno kwa neno. Safari hii hakucheka mtu. Watu kumi na saba walikubali kukata bima hiyo kwa pamoja, kwa sharti la mstari mmoja mpya: kwenda kutoa pole, kupeleka zawadi na kusalimu kwa heshima si kukubali kosa.

Symphorien alikuja mwenyewe Makomeno na mikataba ya kawaida, akiahidi kwamba mstari utaingizwa mwakani. Victorine akamsogezea kiti na kalamu. Symphorien akauandika mstari ule kwa mkono chini ya mkataba wa kwanza, akatia saini na muhuri. Merdi akaukagua herufi kwa herufi, mara mbili, kisha akampa wa pili. Alipofika wa kumi na moja, Symphorien akanyoosha vidole na kuomba maji. Wakampa maji ya baridi. Akanywa, akashukuru, akaendelea kuandika.