Kipa Asiyekuwa na Diski

Kila jioni, Mutunga akishafagia maganda ya njugu katika kibanda chake cha gemu pale Sultan Hamud, wachezaji wa ndani ya gemu walitoka kwenye televisheni kunywa chai. Wale wa gemu za diski walikaa karibu na mlango. Diski zao alikuwa amezichora kwa msumari alama ya ukoo wake, ile ambayo babu yake aliichoma kwenye mizinga ya nyuki huko Kilungu, na mzinga wenye alama haukuguswa na mtu. Kipa peke yake alitoka kwenye gemu iliyonunuliwa mtandaoni, isiyo na diski ya kuchora.

Kipa huyo ndiye aliyembembeleza Kanini, mtoto wa Mutunga. Mtoto alikuwa ameukataa usingizi tangu azaliwe, mpaka alipopakatwa na mikono ile yenye glavu, ambayo haikuwahi kuangusha kitu. Mutindi, mama yake, naye akaanza kulala.

Kisha ujumbe wa wauzaji ukaja kwenye skrini: gemu ya kipa ingeondolewa Ijumaa.

"Baba Kanini, si huyu ulimnunua?" Mutindi aliuliza.

"Nilimnunua. Sasa wanasema nilinunua ruhusa tu."

"Ruhusa gani, na anakunywa chai kwangu?"

Siku zote hizo Mutunga alikaa roho mkononi. Alhamisi akapasha msumari moto, akamwomba kipa mkono, akaichoma alama ya ukoo kwenye glavu ya kushoto. Kipa akashukuru. Wale wa diski wakasema kazi ni safi.

Ijumaa kipa alianza kufifia kuanzia miguuni, mtoto akiwa mikononi. Alimkabidhi Mutindi mtoto taratibu, akaisha. Alama ilianguka sakafuni, nyeusi, bila glavu. Mutunga akaiokota, akaiweka kwenye mkebe wa majani chai.

Kanini alilia mpaka Jumapili, hata mchungaji akakatiza mahubiri. Jumatatu Mutunga akanunua toleo jipya la gemu ile. Maandishi ya masharti yalikuwa marefu. Akabonyeza "Nakubali" bila kuyasoma, kama mara ya kwanza.

Jioni kipa akatoka, glavu zake hazina doa. Kanini akamnyooshea mikono. Kipa akamsalimia Mutindi kama mgeni, akauliza mpira uko wapi.

"Kaa kwanza unywe chai," Mutindi akamwambia, akamwekea mtoto mapajani.

Mutunga akachochea jiko, akautia msumari kwenye makaa.