Mama Eksirei na Mtambo wa Mwisho

Mama Eksirei alikuwa anapinda pazia, lakini tangu saa nane mchana hakuwa ameshona lolote la maana. Jicho moja lilikuwa kwenye sindano, la pili kwenye kompyuta ya mkwewe, na pindo lilikuwa linakwenda upande kama mlevi anayerudi kwake. Wala hakujali.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu astaafu hospitali na kuhamia kwa mwanawe, na kwa miezi hiyo yote kila alichokishika kilipokonywa mikononi. Akishika ufagio, "Mama, pumzika." Akishika sufuria, "Mama, wewe kaa tu." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, yeye siku ya mia na ishirini ilikuwa imekwisha na hata kisu cha kumenyea hajapewa. Pazia lenyewe alilishusha dirishani bila kuomba ruhusa. Mtu aliyepiga picha za eksirei miaka thelathini na mmoja, akawaambia wakubwa wenye vyeo vyao "vuta pumzi, ishike," nao wakaishika, leo anaambiwa akae tu! Ilimuuma, na hakuona haya kukiri kwamba ilimuuma.

Mkwewe alikuwa mpokea simu katika ofisi ya bima siku za kazi. Jumamosi mchana alikuwa na kazi nyingine, isiyo na mshahara lakini yenye presha kuliko ile ya kwanza. Mumewe, yaani mwana wa Mama Eksirei, fundi umeme, alikuwa kwenye mradi wa mbali na alirudi nyumbani kila baada ya miezi miwili. Katikati ya hapo walikutana ndani ya mchezo wa kompyuta wa anga, wao na wenzao sita, wakitafuta madini kwenye sayari. Mume ndiye kiongozi wa kundi, na wote walimwita Jemedari. Mke ndiye msoma ramani. Chombo chao kikiizunguka sayari kinaleta ramani yake ya rangi: penye madini haba pana giza, yakiongezeka pekundu, yakijaa peupe. Msomaji anachagua mahali, kundi linashusha mtambo wa kuchimba, na mtambo ukishashuka haupandi tena.

Walianza na mitambo mitatu. Miwili mkwe aliishusha mahali peupe pe, ikatoa vumbi. Ulibaki mmoja, na saa kumi kamili kundi la wapinzani lingefika kugombea sayari zile zile. Jemedari alikuwa ameshatangaza mbele ya wote kwamba huu nao ukitoka mtupu, ramani zitasomwa na Kifaru, kijana wao mmoja mwenye sauti nene na maneno mengi.

"Hata kama msomaji ni mke wangu," aliongeza, kwa ushujaa wa mume aliye mbali na nyumbani.

Mkwe alicheka wakati ule. Lakini Mama Eksirei alimwona baadaye jikoni akiosha kikombe kimoja mara tatu. Kusoma ramani ndicho kitu pekee ambacho binti yule alijisifia, na maji yalikuwa yamezidi unga.

Sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Sayari zilizobaki zilikuwa nne. Tatu zilikuwa na madoa meupe makubwa makubwa. Ya nne ilikuwa na wekundu uliofifia uliotapakaa kote, na weupe kidogo tu pembeni, kama chembe ya chumvi.

"Shusha ya pili," sauti ya Jemedari ilitoka kwenye spika. "Ile inang'aa yote. Hata kipofu anaiona."

"Nipe dakika," mkwe alijibu, akazima kipaza sauti, akajishika kichwa.

Mama Eksirei akachoma sindano kwenye pazia, akainuka.

"Mwanangu, hiyo ramani inajipaka poda."

"Ati nini, mama?"

"Inajipaka poda. Hebu nisogee." Akavuta kiti bila kungoja jibu. "Hicho kijiti cha pembeni chenye namba ni cha nini?"

"Sijawahi kukigusa. Kinajipanga chenyewe kwa kila sayari."

"Basi hapo ndipo mnapoliwa. Sikiliza. Darasa la wavivu watupu lina wa kwanza, halina?"

"Lina."

"Na huyo wa kwanza ana akili?"

Mkwe akacheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Mama Eksirei akaendelea, kidole kikitembea juu ya skrini bila kuigusa, mazoea ya kazi. "Kila sayari inampa weupe yule wa kwanza wake, hata akiwa mvivu. Hospitali walipotuletea mashine mpya nazo zilikuwa hivyo hivyo, zinajirekebisha mwanga zenyewe. Mfupa uliochakaa wa mzee wa miaka themanini unang'aa kama wa kijana, na asiyejua anamwambia mzee yuko sawa, nenda nyumbani. Mimi nilikuwa naizuia kwa mkono. Kila mgonjwa, kipimo kimoja. Kitoe hicho kijiti kwenye kujipanga, kiweke sitini, kisha usikiguse."

Mkwe akafanya hivyo. Sayari ya pili, ile ya kipofu, ikazima yote ikawa nyeusi tii. Ya kwanza nayo nyeusi. Ya tatu ikabaki na wekundu wa kusingiziwa. Ya nne, ile iliyofifia, wekundu wote ukatoweka, ila ile chembe ya pembeni ilibaki pale pale, nyeupe, haikutikisika.

"Usiniamini bado," alisema Mama Eksirei. "Nionyeshe zile mbili mlizokwisha kuchimba mkapata vumbi."

Mkwe akazifungua kwa kipimo kile kile cha sitini. Nyeusi. Zote mbili. Jumamosi sita alizipoteza kwa ajili ya weupe ule.

"Mama, ungeniambia mapema!"

"Niliambiwa nikae tu," alijibu Mama Eksirei, bila huruma hata chembe.

Mkwe akawasha kipaza sauti. "Nashusha ya nne. Pembeni, kwenye ile chembe."

Spika karibu ipasuke. Kifaru alicheka mpaka akakohoa. "Ya nne? Jemedari, mkeo amechoka na ndoa!"

"Hapana," Jemedari akasema. "Mke wangu, tumebakiwa na mmoja. Shusha ya pili, hiyo ni amri."

"Amri toa kwa wachimbaji. Msomaji ni mimi mpaka saa kumi," mkwe akasema, akapiga moyo konde, akabonyeza.

Mtambo ukaanza kushuka. Ulichukua dakika nne, na kwa dakika hizo nne Mama Eksirei aliogopa kuliko alivyotarajia. Kule hospitali mpiga picha hasomi. Anaona, lakini hasomi. Anayesoma na kutia sahihi ni daktari. Mara ngapi aliliona doa kwenye pafu kabla ya mtu mwingine yeyote, akaipeleka picha na kusema kwa adabu, "Daktari, tazama hapa kidogo," naye daktari akatazama, akaandika, akapongezwa? Aliizoea njia hiyo mpaka akaiona ndiyo heshima. Na ina raha yake, kwani kosa likitokea nalo ni la mwenye sahihi. Leo hapakuwa na daktari. Palikuwa na binti mmoja aliyemwamini na kitufe kilichokwisha kubonyezwa.

Mtambo ukagusa ardhi. Namba ikatokea pembeni: kumi na mbili. Kifaru akaanza kuguna. Namba ikawa arobaini. Ikawa mia na tisini. Ikapita elfu moja na haikuonyesha nia ya kusimama, na spika ikajaa kelele za watu sita wanaosema kitu kimoja kwa pamoja na hakuna anayesikilizwa.

Kelele zilipotulia, Jemedari aliuliza polepole, "Hii si kawaida yako. Nani amesoma ramani hii?"

Mkwe alisogeza kipaza sauti mbele ya mama mkwe wake, akaondoa mkono.

Jibu la miaka thelathini na mmoja lilikuwa tayari ulimini: ni mkeo, mimi nimemwonyesha tu. Mama Eksirei akalimeza.

"Mimi," akasema.

"Mama?" Jemedari akauliza.

"Nimeisoma mimi, na zile mbili za kwanza nisingewaruhusu hata kuzikaribia."

"Jemedari," Kifaru akadakia, "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe leo umefunzwa na wote wawili! Shikamoo, mama."

Na wengine wakafuata, mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, hadi Jemedari mwenyewe akawa wa mwisho.

"Marahaba," alisema Mama Eksirei, akalisukuma pazia lisizuie mguu wake. "Haya, nani ana ramani nyingine?"