Pua ya Bi Zélie

Ndege za kivita zilipoondoka juu ya mji wa Boulogne, Ufaransa, banda la Anselme Fourny la kukaushia samaki aina ya heringi kwa moshi lilikuwa limegeuka kifusi, na Anselme mwenyewe alikuwa chini yake. Mkewe, Léocadie, alifukua kwa mikono asijue aanzie wapi, kwani matofali yalijaa ua mzima. Kila alipoita, mizinga ilimeza sauti yake. Wakanada walikuwa wameanza kupanda kilima kuwafuata Wajerumani ngomeni.

Aliyekuja kumsaidia ni mtu ambaye hakumtarajia hata kidogo: Bi Zélie wa nyumba ya pili. Tangu kabla ya vita hawakuwa wakisalimiana, kisa moshi wa heringi kuchafua nguo za Bi Zélie kambani. Mdomo wa yule mama haukujua likizo.

"Hebu tulia," alisema Bi Zélie, akinusa.

"Mume wangu anakufa, we unanusa?"

"Nanusa moshi wa mti wa mwaloni. Mji mzima unanuka baruti, lakini huu ni wa unga wa mbao anaokaushia samaki mumeo. Miaka yote mmenitesa nao, shoga, leo nitaukosea?"

Akatambaa juu ya kifusi, pua chini, mpaka kwenye ukuta wa kisima, mbali kabisa na pale Léocadie alipokuwa anajichosha bure. Moshi mwembamba ulikuwa unapenya kati ya mawe. Huko chini Anselme alikuwa amewasha konzi ya unga wa mbao, kama afanyavyo kila mkaushaji anapotaka kujua hewa inapitia wapi, kisha akaufuata moshi akichimba kwa kucha zake.

Wakafukua wote wawili. Ukatoka mkono kwanza, mweusi tii, halafu Anselme mzima, akikohoa.

Léocadie alimshukuru Mungu. Aliwashukuru hata wale Wakanada kule kilimani waliokuja kuwafukuza Wajerumani, ingawa mabomu yalikuwa ya upande wao. Kisha akaishika mikono ya Bi Zélie na kuibusu, machozi yakimtiririka, na wala hakuona haya.

"Mpeleke nyumbani kwake akapumzike," Anselme alisema kwa shida. "Mikono yote inamtoka damu."

"Nyumbani wapi, baba?" Bi Zélie aliuliza taratibu.

Léocadie akatazama ng'ambo ya ua. Palipokuwa na nyumba ya jirani yake, sasa bahari ilionekana. Yule mama alikuwa amekiacha kifusi chake akaja kufukua chao.