Kitufe cha Kupasha

Mama Mwiko alifunua chungu cha umeme, akarudi nyuma kama aliyezabwa kofi. Harufu ilimwingia puani, ikashuka kooni, ikakaa. Nyama ya kusaga ilikuwa imejikusanya, kijivu kama tope la mtaroni. Maharage yalielea juu ya povu lililopasuka taratibu, pwa, pwa, kana kwamba chini yake kuna kitu kinapumua.

"Ptuu!" Alitema mate kwenye beseni.

Chungu kilikuwa kimefunikwa tangu saa moja asubuhi. Bosi wa karakana, aliyekinunua, alibonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. "Usifunue mpaka saa saba, mama. Kinapika polepole, chenyewe. Kikikushinda, nitatafuta mpishi wa kisasa."

Miaka kumi na minane aliwapikia maseremala kwa pua na mwiko. Leo kaambiwa asinuse, naye akatii.

Aliinama, akasoma herufi moja moja. Vitufe vilikuwa viwili: PIKA na PASHA. Taa ilikuwa ikiwaka kwenye PASHA.

Bosi akaingia, akakunja pua, akaikunjua haraka. "Ongeza pilipili. Watu wana njaa."

"Umechacha mchuzi huu, mwanangu. Nyama mbichi imeshinda kwenye vuguvugu saa sita nzima, kama yai chini ya kuku."

"Umeuharibu mwenyewe. Pakua, au vua aproni uende."

Nje, maseremala waligonga sahani. "Mama Mwiko, matumbo yanapigwa randa huku!" Wakacheka.

Mama Mwiko alitazama kopo la pilipili. Kisha akaikaza kamba ya aproni, akakibeba chungu mpaka mezani, bosi nyuma yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nilifungiwa asubuhi nikiwa mbichi, nimetoka mchana nimeoza, na kuiva sikukuona."

Seremala wa mbele aliziba pua kwa kofia. Kicheko kikafa.

"Tumeshindwa, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Tukupe mji?"

"Mji sitaki. Nipeni sahani ya bosi."

Aliijaza mpaka ukingoni, akaiweka mbele ya bosi, na kijiko juu.

"Kidole kilichobonyeza," akasema, "ndicho kishike kijiko."

Hakuna aliyeketi. Povu likapasuka, pwa. Inzi akatua kwenye ukingo wa kijiko, akasugua miguu, akaruka bila kuonja.